Bustani Ndani ya Timbo

Somo kuu: Isaya 41:17–20
Masomo mengine: Mwanzo 2:8–20, Kumbukumbu la Torati 22:6–7, Luka 19:11–26, Yohana 3:30

 

Jumapili mbili zijazo, baada ya ibada ya pili, washirika wote tutakaa chini kuamua jambo moja: lile timbo lililo nyuma ya kanisa tulifanyie nini. Mnalijua. Ploti ni ekari tatu, na zaidi ya nusu yake ni shimo. Waliokuwa hapa kabla yetu walikata mawe ya kujengea, jiwe baada ya jiwe, mpaka wakakaribia maji. Kisha wakaondoka. Sisi tulipata ploti kwa bei ya chini kwa sababu ya hilo shimo, na tangu siku hiyo tumekuwa tukiwakataza watoto wa Sunday school wasilisogelee.

Mezani kuna mapendekezo matatu. La kwanza, kuna mwenye malori anataka kulikodi amwage taka, na atatulipa kila mwezi. La pili, tupande mvinje ploti nzima, ikikomaa tuuze nguzo. La tatu limeletwa na vijana pamoja na akina mama: tufanye bustani ya mimea asili ya pwani yetu, kila mti na jina lake, iwe pia makao ya ndege, vipepeo na wanyama wadogo ambao wamekosa pa kukaa. Na wakati huo huo, wapendwa, deni la paa bado lipo. Halijaenda popote.

Wengine wamecheka pendekezo la tatu. Nimesikia mtu akisema, "Kanisa litafute roho za watu, mambo ya ndege tuwaachie KWS." Ndiyo maana Mchungaji Kiongozi ameniomba nilete Neno juu ya jambo hili. Sikuja kuwapigia kura. Nimekuja na Neno kwanza, halafu hesabu, kwa maana hata hesabu ni za Bwana. Amina?

1. MUNGU HAPANDI MTI MMOJA

Fungua Isaya 41. Watu wa Mungu wako uhamishoni. Maskini na wahitaji wanatafuta maji, hakuna, ulimi umekauka. Mungu anawaahidi nini? Anaahidi mito mahali pakavu na chemchemi katikati ya mabonde. Halafu ukifika mstari wa 19 anafanya kitu ambacho wengi tunakipita haraka tukisoma: anaanza kutaja miti. Hesabu na mimi. Mwerezi, mmoja. Mshita, wa pili. Mhadasi, wa tatu. Endelea mpaka mwisho wa mstari, utafika saba.

Jiulize, kwa nini saba? Mtu mwenye haraka angesema tu, "Nitapanda miti jangwani," basi. Mungu anautaja kila mmoja kwa jina lake. Kuna wa mbao, kuna wa mafuta, kuna wa harufu nzuri, kuna mshita unaovumilia ukame. Na mwisho wa orodha anasema itakuwa pamoja. Sikiza hilo neno: pamoja. Mstari wa 20 unaeleza sababu: watu waone, wajue, wafikiri na wafahamu kwamba ni mkono wa Bwana uliofanya hivyo. Kwa hiyo ile miti mbalimbali kusimama pamoja ni ushuhuda. Ni mahubiri yasiyo na kipaza sauti.

Rudi Mwanzo 2:8. Kabla Biblia haijatuonyesha Mungu akiandika sheria au kumwita nabii, inatuonyesha Mungu akipanda bustani. Katika mstari wa 9 anaotesha kila mti unaopendeza macho na unaofaa kwa chakula. Macho yametajwa kwanza, tumbo likafuata. Kisha mstari wa 15, anamweka mwanadamu humo kwa kazi mbili: kulima na kutunza. Sisi Wapentekoste kulima tunakujua. Tunajua kuzalisha, tunajua mavuno, tunajua kupanda mbegu ya imani. Kutunza ndiko kumekuwa kwa watu wengine. Mwambie jirani yako: "Kazi zilikuwa mbili."

2. ANAYETUNZA ANAJUA MAJINA

Kuna tofauti gani kati ya shamba la miti na bustani ya mimea? Ni majina na daftari. Bustani ya mimea ni mahali kila mti umeandikwa: unaitwaje, mbegu yake ilitoka wapi, ulipandwa lini, unaendeleaje. Na daftari la kwanza la namna hiyo halikuanzia Ulaya. Lilianzia Edeni. Mwanzo 2:19–20, Mungu anamletea Adamu wanyama aone atawaitaje. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya akili ya mwanadamu katika Biblia, kutambua kiumbe kimoja kimoja na kukipa jina. Baadaye Sulemani, katika 1 Wafalme 4:33, anasifiwa kwa sababu alizungumza juu ya miti, toka mwerezi wa Lebanoni mpaka hisopo inayoota ukutani, na juu ya wanyama, ndege, wadudu na samaki. Biblia inahesabu ujuzi huo kuwa sehemu ya hekima aliyopewa na Mungu.

Sasa tujipime. Kijana wa kanisa hili anaweza kukutajia wachezaji wote wa timu ya Uingereza, mpaka wa akiba. Muonyeshe mbambakofi, atakuambia "ni mti." Na huo ndio mti uliotoa mbao za milango ya mababu zetu, ambao mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu tulichezea tukiwa watoto. Muulize mvule, mhuhu, mgurure, msandarusi. Kimya. Mhuhu umekatwa sana kwa ajili ya vinyago vya watalii, mpaka wachongaji wengine wakahamia mwarobaini na mwembe. Kitu usichokijua jina huwezi kukililia kikipotea.

Na nikitaja mwarobaini, nitawashangaza wengine. Tunaupenda, ni dawa, kila boma unao. Lakini si mwenyeji wa hapa, ulitoka upande wa India, na sasa unaingia misitu yetu na kusukuma miti ya kienyeji. Kunguru ni hivyo hivyo. Wale kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wanaonyakua mandazi ya watoto shuleni walikuja kutoka India kupitia Zanzibari zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wanakula mayai na makinda ya ndege wetu, na ndiyo maana siku hizi Mombasa asubuhi unaamshwa na kelele, huamshwi na wimbo. Hali imekuwa mbaya hadi mwaka wa 2024 KWS ikatangaza mpango wa kuwapunguza kwa idadi ya milioni moja. Kunguru si wa shetani. Hata Nuhu alikuwa naye safinani, Mwanzo 8:7. Mungu alimpa kila kiumbe mahali pake, na mahali hapo pakivurugwa wanaoumia ni wadogo. Ndiyo maana pendekezo linasema mimea asili. Linazungumzia viumbe ambao Bwana aliwaweka hapa kabla sisi hatujafika.

Wengine wanajua thamani yao kutushinda. Mwaka wa 2022 mibuyu ilingʼolewa Kilifi, mikubwa, mizizi na yote, ikasafirishwa mpaka nchi ya Georgia, ukingoni mwa Bahari Nyeusi, ikapandwe katika bustani ya miti huko. Wenye mashamba walilipwa. Habari zilipoenea, Rais aliamuru uchunguzi ufanywe. Mimi sitaki kumhukumu mkulima aliyekuwa na karo ya kulipa. Nawauliza swali moja tu: kama mtu yuko tayari kuvusha mbuyu wetu baharini ili awe na bustani, sisi tulio na mbegu yake chini ya miguu yetu tunashindwa nini?

3. MUNGU HUANZA NA KILICHODHARAULIWA

Mtu atasema, "Pastor, pale ni mwamba mtupu, hakuoti kitu." Hapo ndipo nataka tutembee mpaka Bamburi. Ni jirani, wengi mmepeleka watoto Haller Park. Mmeona twiga, mmeona viboko. Lakini je, mnajua palikuwa nini?

Palikuwa timbo, na kubwa kuliko letu mara nyingi sana. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka wa 1954, kikichimba mawe ya matumbawe ya kale kutengeneza saruji. Walipomaliza kuchimba palibaki jangwa jeupe: hakuna udongo, jua linapiga mwamba na kurudi usoni, na maji yaliyo chini yana chumvi. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, akaanza kujaribu kulirudishia uhai.

Alijaribu aina 26 za miti. Unajua ngapi zilishika? Tatu. Tatu peke yake: mnazi, damasi na mvinje. Mwenye moyo mwepesi angehesabu zile 23 zilizokufa akaenda nyumbani. Yeye alihesabu zile tatu. Mvinje ndio uliokwenda mbele zaidi, kwa sababu mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani na kuulisha mti. Yaani mti unakula mahali ambapo hakuna mbolea. Wengine mnaishi hivyo, na hamjui nani anawalisha.

Lakini tatizo lingine likaja. Majani ya mvinje yalianguka, yakalundikana, hayaozi. Yalikuwa makavu na makali, wadudu wengi hawayataki. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoota. Mradi ungeishia hapo. Haller akagundua kiumbe mmoja anayekula majani hayo. Ni nani? Jongoo! Yule jongoo mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye ukimkuta mlangoni wakati wa mvua unamsukuma kwa ufagio. Wakakusanywa kwa wingi, wakaachiliwa ndani ya timbo. Jongoo akala, akatoa kinyesi, vijidudu vikafanya kazi yao, na pole pole juu ya mwamba mtupu pakaanza kuwa na udongo mweusi. Udongo ulipopatikana, mimea ya kienyeji ikaingia. Mimea ilipokuja, ndege na wadudu wakaja. Yakachimbwa mabwawa, samaki wakafugwa. Pofu wakaletwa, viboko wakaletwa. Mwaka wa 1984 milango ilifunguliwa kwa wananchi, na mwaka wa 1999 mahali pakapewa jina la mtu aliyeanza na miti mitatu.

Na mnakumbuka Owen? Mwishoni mwa Desemba 2004, wakati wa tsunami, kiboko mchanga alipotezana na wenzake akakwama baharini Malindi. Watu wakamwokoa kwa nyavu na mashua. Alipelekwa wapi? Kwenye hilo timbo la zamani. Huko akamkimbilia kobe mkubwa, mzee wa zaidi ya miaka mia, aitwaye Mzee, akamfanya kama mamake, na dunia nzima ikaja kuona. Sikiza kanisa: mahali palipokuwa jeraha la ardhi pakawa kimbilio la yatima. Hiyo si Isaya 41 mbele ya macho yetu?

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mvinje. Huo nao si mwenyeji asilia wa pwani hii, ulitoka mashariki ya mbali. Lakini uliingia kwanza, ukavumilia jua, ukatoa kivuli, ukatengeneza njia. Kisha ukapunguzwa, ukavunwa, ili miti ya kienyeji ipate mwanga. Mvinje ulifanya kazi ya Yohana Mbatizaji. Yohana 3:30: yeye hana budi kuzidi, mimi kupungua. Kuna watu katika kanisa hili Mungu amewaita wawe mvinje. Mtaanzisha kitu, mtatoa kivuli, na wengine wataingia na majina yao yataandikwa. Usinungʼunike. Bila wewe pangebaki mwamba.

4. USILE MTAJI

Nilisomea biashara, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Kumbukumbu la Torati 22:6–7 inasema ukikuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai, unaweza kuchukua watoto, lakini mama umwache aende, upate heri na siku nyingi. Ni amri ndogo kabisa, inahusu ndege tu. Lakini darasani tulifundishwa jambo hilo hilo kwa muhula mzima: kula faida, usile mtaji. Mayai ni faida. Mama ni mtaji. Ukichukua vyote leo utashiba leo, na kesho utakuta kiota kitupu.

Tuweke mapendekezo yetu matatu kwenye mizani hiyo.

Taka. Pesa zinaingia mwezi wa kwanza, sikatai. Lakini mwamba wa matumbawe una matundu kama sponji. Takataka zikioza, maji yake machafu hushuka, na chini yetu ndiyo maji ya visima vya majirani. Yule mama anayetuuzia viazi karai langoni anachota wapi? Tutamhubiria Maji ya Uzima huku tukimtilia sumu kwenye ndoo? Na sheria inataka leseni ya NEMA kwa mahali pa kutupa taka. Si kukubaliana na mwenye lori tu. Hapo tutakuwa tumemla mama, tena mama wa jirani.

Mvinje peke yake. Hii ni biashara halali, soko la nguzo lipo. Kasoro yake ni kwamba ni mti mmoja. Siku tukiikata yote tunarudi kwenye jua na mwamba, na chini ya majani yake mazito kidogo sana huota. Ni mayai bila mama.

Bustani. Faida yake inachelewa, na lazima niseme ukweli huo madhabahuni. Mbambakofi na mvule hatutavuna sisi, labda wajukuu. Lakini si kweli kwamba msitu haulipi. Kule Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu mwaka wa 1993 kuna mradi wa Kipepeo. Wakulima wanaouzunguka msitu hufuga viwavi, wakigeuka buu wanauzwa na kusafirishwa ngʼambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Msitu ukikatwa, biashara imekwisha. Kwa hiyo mkulima mwenyewe anakuwa askari wa msitu. Na msitu huo si mdogo kwa thamani: ni kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, na kuna kwerea, yule ndege mfumaji wa manjano na mweusi, ambaye duniani kote hapatikani isipokuwa Kaunti ya Kilifi. Mungu alimweka hapa tu. Tukimpoteza sisi, hakuna pa kumwagiza.

Luka 19:13, bwana anawaambia watumwa wake wafanye biashara mpaka atakaporudi. Aliporudi hakuuliza nani alipata haraka. Aliuliza kila mmoja amefanya nini na alichopewa. Na aliyeshutumiwa ni yule aliyeficha chake kwenye leso. Timbo letu limekaa kwenye leso miaka yote hii.

MASWALI MNAYOULIZA

"Mchungaji, dunia itachomwa moto, tunapanda miti ya nini?" Ni kweli, 2 Petro 3:10 ipo na tunaiamini. Lakini wewe unayeuliza umepaka nyumba yako rangi, na mtoto wako yuko sekondari. Yeremia 29:5 Mungu anawaambia walioko Babeli, watu walio na tarehe ya kuondoka, wajenge nyumba na wapande bustani. Kungoja kurudi nyumbani hakukuwaondolea jembe mikononi.

"Miti mikubwa ya kienyeji ina mizimu. Si ndiyo ya kaya hiyo?" Hili swali ni zito na sitalicheka. Wengi wetu tulitoka huko, na tunajua tulichoachana nacho. Misitu ya kaya za Mijikenda imetambuliwa na UNESCO tangu mwaka wa 2008, na wazee wake wanastahili heshima yetu kama wazee, hata kama hatuabudu wanavyoabudu. Walilinda miti wakati wengine wanakata. Lakini mti wenyewe una kosa gani? Soma Isaya 44:14–17. Mtu anapanda mti, mvua inaukuza, nusu anapikia chakula, nusu anachonga mungu. Nabii anamkemea nani, mti au mtu? Gideoni aliamriwa kukata Ashera ya babake, hakuambiwa afyeke kila mti wa Ofra. Na Ibrahimu, baba wa imani, katika Mwanzo 21:33 alipanda mti Beer-sheba na hapo hapo akaliitia jina la Bwana. Zaburi 24:1, nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Tukimwachia adui mbuyu leo, kesho atadai bahari. Hatutamwachia!

"Na nyoka?" Akina mama, nimewasikia. Njia zitafagiliwa, nyasi zitakatwa pembeni, watoto wataingia na mwalimu. Lakini fahamuni hili: nyoka hufuata panya, na panya hufuata taka.

"Mtaleta simba?" Hapana, ndugu. Kufuga wanyamapori kunahitaji kibali cha KWS, na hatuna mpango wa kumfungia mtu yeyote kizimbani. Tunaandaa meza, wageni watakuja wenyewe. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na popo ndiye hulitembelea usiku kulichavusha. Chozi atakuja kwa maua. Hondohondo atakula tunda na kupanda mbegu mahali ambapo mkono wetu haufiki. Hao ni vibarua wa Bwana, hawadai mshahara.

NINACHOPENDEKEZA

Tukatae taka. Na haya mapendekezo mawili yaliyobaki tuyaoe, yawe nyumba moja, kama Bamburi. Mvinje uingie kwanza kwa mistari ndani ya timbo, na jongoo wetu wafuate. Ikikomaa tuvune kidogo kidogo kwa zamu, fedha ziende kwenye deni la paa. Kila tunapovuna mstari mmoja, pale penye kivuli na udongo tuweke mbambakofi, mvule, mhuhu, mkwaju, mkunazi na mbuyu. Ile sehemu ya juu ambayo haikuchimbwa ianze na miti ya kienyeji mara moja, masika haya. Mbegu tuziombe kutoka kwa miti ya mashamba yetu wenyewe, kwa ruhusa, na ushauri tuutafute kwa watu wa KEFRI kule Gede. Kila mti upate kibao: jina la Kiswahili, jina la Kigiriama, jina la kitaalamu, na tarehe. Vijana washike daftari.

Gharama nazo nizitaje. Kwa njia hii deni la paa litalipwa polepole kuliko kwa kodi ya taka. Huo ndio ukweli, na kila mtu apige kura akijua hivyo. Tena kiangazi cha Januari hadi Machi mtu atabeba maji kila jioni, na hakuna wa kupiga picha. Kama hatuko tayari kwa ndoo, tusipige makofi kwa bustani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima mtu alete hiyo haba.

Mwisho, usiangalie lile timbo la nyuma ya kanisa tu. Kuna mtu amesoma mpaka hapa na maisha yake yenyewe ni timbo. Watu walikuja, wakachukua walichotaka, wakaondoka, wakaacha shimo. Ndoa ilichimbwa. Ujana ulichimbwa. Na sasa kila anayepita anaona mahali pa kutupa taka yake. Nisikilize mpendwa: usimkodishie. Bwana wa Isaya 41 hapiti kando ya mwamba. Anaweza kuanza na kitu kimoja tu kilichobaki hai ndani yako, na kiumbe mdogo ambaye wewe mwenyewe ungemsukuma kwa ufagio. Mpe Yesu hilo shimo leo.

OMBI

Baba, nchi ni yako na sisi ni wako. Tusamehe tulipolima bila kutunza. Tupe hekima siku ya uamuzi wetu, tusigombane, tusikimbilie pesa, wala tusiogope kazi. Fufua timbo letu, na kila timbo lililo ndani yetu, watu waone na kujua kwamba ni mkono wako. Kwa jina la Yesu. Amina.

KWA USHIRIKA WA NYUMBANI WIKI HII

1. Someni Isaya 41:17–20 pamoja. Kwa nini Mungu anataja miti kwa majina?
2. Kila mmoja ataje miti mitano ya kienyeji aijuayo na matumizi yake. Wazee wawafundishe watoto.
3. Katika nyumba yako, ni wapi mnakula mtaji badala ya faida?
4. Leteni mbegu Jumapili, zimefungwa kwenye karatasi, zimeandikwa jina la mti na mahali ulipo. Mbegu za mkwaju ziloweke usiku kucha kabla ya kupanda.